Sijui Nimesimama Wapi

Marehemu baba alikuwa seremala, na kazi iliyomletea wateja wengi ilikuwa kupachika milango kwenye nyumba ambazo kuta zake zimeshakwenda upande. Mimi ndiye niliyekuwa namshikia fremu. Anarudi nyuma hatua tatu nne, anafumba jicho moja, ananiuliza, "Imesimama?" Naitazama fremu, nautazama ukuta, namjibu imesimama. Kisha anateremsha timazi, kile kipande cha risasi kwenye uzi, na wote wawili tunaona kwamba fremu imelalia kushoto, imeufuata ukuta. Jicho langu lilikuwa limedanganywa na ukuta. Mdogo wangu alipopewa kazi ileile alipatia karibu kila mara, bila timazi. Baba hakuwahi kunikaripia kwa hilo. Alisema mdogo wangu anaiona fremu na mimi naiona nyumba, maana ni mimi niliyegundua siku moja kwamba mlango tunaoupachika unatazamana na mkondo wa maji ya mvua.

Miaka mingi baadaye, nikisomea elimu ya watu wazima, nilikutana tena na fremu ile. Miaka ya 1940 kule Brooklyn, Marekani, mwanasaikolojia Herman Witkin, akishirikiana na Solomon Asch, alikuwa anachunguza jinsi mtu anavyojua kipi kimesimama wima. Katika jaribio lililokuja kumpa jina, mtu anakaa kwenye chumba chenye giza totoro. Mbele yake kuna fremu ya mraba inayong'aa, na ndani yake fimbo inayong'aa. Fremu inainamishwa, kisha mtu anaombwa aisimamishe fimbo. Wapo wanaoisimamisha sawasawa kana kwamba fremu haipo. Wapo wanaoiinamisha pamoja na fremu na kuamini kabisa kwamba imenyooka. Na anayefanya hivi leo atafanya hivyohivyo mwakani. Nilipoisoma habari hiyo nilikaa kimya nikimkumbuka baba.

Witkin aliona tofauti hiyo haiishii kwenye fimbo. Mwaka 1977 yeye na wenzake waliandika makala ndefu kuhusu maana yake darasani. Wale ambao jicho lao linafuata mazingira, walisema, hujifunza vizuri zaidi somo likiwa limeshapangwa, na huwategemea zaidi watu wengine kupata mwelekeo. Wale wengine hujipangia wenyewe: wape lundo la habari, watalichambua. Hii ndiyo wataalamu wanaiita mitindo ya utambuzi, yaani namna mtu alivyozoea kupokea na kupanga anachokiona na kukisikia. Niliyaelewa yale maelezo, nikajibu mtihani, nikapita. Kisha nikaja kutengeneza kozi ya mtandaoni kana kwamba sijawahi kuyasoma.

Kozi yenyewe ni ya utunzaji wa hesabu, kwa Kiswahili, kwa waweka hazina wa VICOBA na SACCOS ndogondogo, yaani vikundi na vyama vya kuweka na kukopeshana fedha. Nilikuwa nikiifundisha ukumbini, watu wanaletewa chai na maandazi, ubao upo mbele. Machi 2020 shule na vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, kumbi nazo zikawa hazina watu, nikaihamishia kozi kwenye Moodle, programu huria ya kuendeshea masomo mtandaoni ambayo Martin Dougiamas wa Australia aliitoa mwaka 2002 na ambayo mpaka leo mwalimu asiye na fedha anaweza kuitumia. Niliweka mada 9, zote wazi tangu siku ya kwanza. Niliona hiyo ndiyo heshima anayostahili mtu mzima: aingie anapotaka, asome anachokihitaji, asiburuzwe.

Moodle inatunza kumbukumbu ya kila ukurasa aliofungua mwanafunzi. Kwenye wiki ya tatu nilikuwa nazipitia kumbukumbu hizo, nikaona nyayo za mzee mmoja wa Njombe, afisa ugani mstaafu aliyechaguliwa mweka hazina wa SACCOS ya wakulima wa chai. Alifungua mada ya 1. Akafungua mada ya 6. Akaenda kwenye kalenda. Akarudi mada ya 1. Akafungua orodha ya istilahi, akatoka. Baada ya hapo, siku 19 bila kitu. Nikampigia.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba mwalimu. Habari za huko?"

"Njema. Naona umetupotea darasani."

"Darasani sijapotea, mwalimu. Nimepotea humo ndani. Kila nikifungua naona milango tu, nyumba siioni. Sijui nimesimama wapi."

Huyu ni mtu aliyezunguka vijiji kwa miaka 30 akiwafundisha wenzake kilimo. Hakuwa mvivu, na kichwa chake kilikuwa kizima kabisa. Alichokuwa anaomba ni ukuta.

Kufikia wiki hiyo kijana mmoja wa Mbagala, mweka hazina wa kikundi cha bodaboda, alikuwa ameshamaliza kozi. Aliingia moja kwa moja mada ya 7, usuluhisho wa benki, yaani kulinganisha daftari la kikundi na taarifa ya benki, kwa sababu benki ilikuwa imewakata makato wasiyoyaelewa na wanachama walishaanza kumtazama vibaya. Akajibu swali lake, akarudi mada ya 3, akaruka ya 4 na ya 5, akafanya mtihani siku ya 11. Alipomaliza aliniandikia: "Asante mwalimu. Ila usiongeze maelezo, yanachosha."

Kozi ni hiyohiyo moja. Mmoja ameona uhuru, mwenzake ameona pori.

Mwingereza Gordon Pask alishaliona jambo hili miaka ya 1970, kompyuta zikiwa bado ni mali ya vyuo vikubwa. Aliwapa wanafunzi kazi ya kujifunza koo za wanyama wa kubuni, wanyama wa sayari ya Mirihi, ili asiwepo anayejua chochote kabla. Akaona kuna wanaotaka kwanza picha nzima, ukoo huu unahusianaje na ule, ndipo washuke kwenye mikia na miguu. Na kuna wanaokwenda hatua kwa hatua, hawasogei mpaka cha kwanza kimeshika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti Nigel Ford na Sherry Chen waliliangalia hilohilo kwenye masomo ya kompyuta yenye kurasa zilizounganishwa, na wakaona kwamba wale ambao Witkin angesema wanafuata mazingira walipenda kutumia ramani ya somo, na wale wengine walikimbilia faharasa, yaani orodha ya maneno. Hapo ndipo kosa langu lilipokaa wazi. Kozi yangu ilikuwa na faharasa nzuri sana. Ramani haikuwa nayo.

Kabla sijarekebisha hilo nilifanya kosa la pili, na hili naliona bado likifanywa na walimu wenzangu ninaowaheshimu.

Nilitoka kwenye warsha nikiwa na fomu. Fomu inamuuliza mwanafunzi maswali kadhaa, kisha inamwambia yeye ni mtu wa kuona, wa kusikia, wa kusoma au wa kutenda. Nikawapa wanafunzi wangu wote, nikawagawa, nikakesha nikiandaa somo lilelile kwa sura tofauti. Mama mmoja anayeuza maandazi sokoni Moshi, mweka hazina wa kikundi cha akina mama, alitokea kwenye fungu la wa kusikia. Nikamtumia mada ya 7 yote kwa sauti, kwa WhatsApp, vipande sita.

Sasa fikiria usuluhisho wa benki. Daftari la fedha la kikundi linasema salio ni 412,500. Taarifa ya benki inasema 437,000. Kati ya karatasi hizo mbili kuna hundi ya 30,000 ambayo kikundi kimeiandika lakini aliyepewa hajaipeleka benki, na kuna makato ya 5,500 ambayo benki imeyachukua na kikundi hakijayaandika. Ukiziweka karatasi bega kwa bega, ukachukua kalamu ya risasi na kuweka alama ya vema kwa kila kiasi kilichopo pande zote, vile viwili vinabaki peke yao na vinajitaja vyenyewe. Ukivisikiliza kwa sauti, laki nne na elfu kumi na mbili na mia tano, laki nne na elfu thelathini na saba, toa hiki, ongeza kile, havikai. Yule mama alisikiliza mara nne. Akanipigia akiwa na huzuni, akasema, "Mwalimu, namba zinanipita kama watu wa gulio. Labda kichwa changu kimeshazeeka."

Nilimtumia picha moja, karatasi mbili zilizolala sambamba, alama za vema zimewekwa nusu. Nikamwambia amalizie nusu iliyobaki. Hazikupita dakika 10 akanirudishia jibu, sahihi.

Nikamuuliza kwa nini basi alijaza kwamba anapenda kusikia. Akasema, "Mchana kutwa mikono ina unga. Video inakula bando. Na miwani yangu ilivunjika tangu Pasaka."

Nimeyarudia maneno hayo moyoni mara nyingi. Nilidhani fomu imenionyesha akili ya yule mama. Ilikuwa imenionyesha jiko lake, simu yake na macho yake. Upendeleo wake ulikuwa wa kweli na nilipaswa kuuheshimu, ila haukunipa ruhusa ya kumfundisha kwa masikio jambo linalotaka macho. Hesabu za safu mbili zinataka macho kwa kila mtu, kama vile matamshi yanavyotaka masikio kwa kila mtu.

Nilipoanza kusoma zaidi nilikuta wenzetu wameshalipima jambo hili kwa kina. Uingereza, mwaka 2004, Frank Coffield na wenzake walihesabu nadharia 71 za mitindo ya kujifunza, na wakaona vipimo vingi maarufu havina msingi wa kutosha kutumika darasani. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu waliuliza swali jepesi: je, yupo aliyewahi kuonyesha kwamba mtu wa kuona akifundishwa kwa picha na wa kusikia kwa sauti, kila mmoja anafaulu zaidi kuliko wakibadilishana? Walikuta tafiti chache sana zilizopangwa vizuri kiasi cha kuweza kujibu, na kadhaa kati ya hizo chache zilipinga. Mwaka 2019 ukatoka utafiti wa darasa la fizikia chuo kikuu cha Harvard. Wanafunzi waliosikiliza mhadhara mzuri walihisi wamejifunza zaidi kuliko waliofanyishwa kazi darasani, ilhali mtihani ulionyesha kinyume. Kwa hiyo ninapomuuliza mwanafunzi amelipendaje somo, ananipa jibu la maana, lakini ni jibu la swali jingine.

Hata kipimo cha Witkin kina wakosoaji, na wana hoja. Kusimamisha fimbo kuna kupatia na kukosea, na wanaopatia huwa pia wanapata alama nzuri kwenye vipimo vya uwezo wa akili. Kwa hiyo wapo wanaosema anachokiita mtindo ni uwezo tu. Witkin mwenyewe alisisitiza kwamba hakuna upande bora kuliko mwingine. Mimi naongeza la lugha yetu: jina la Kiingereza la wale wanaofuata mazingira lina neno la utegemezi ndani yake, na ukilileta moja kwa moja kwa Kiswahili unamwita mtu tegemezi. Sisi tunajua uzito wa neno hilo. Sitamwita hivyo mzee aliyewalisha watoto saba na kuwasomesha. Nasema anayetaka kuiona nyumba kwanza, basi.

Na nimekuja kuamini kwamba mtandao unawaumiza watu hawa kuliko njia nyingine yoyote ya kusomea mbali. Mimi mwenyewe nilipitia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kile kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, enzi ambazo tulisoma kwa vitabu vilivyochapwa na kukutana kwenye kituo cha mkoa. Hakuna aliyenishika mkono, na bado sikuwahi kupotea. Kitabu kinakuonyesha ulipo kwa unene uliobaki chini ya kidole gumba cha kulia. Unajua umefika katikati hata taa ikizimika. Simu haina unene. Ukurasa wa kwanza na wa mia unaonekana sawa, vyote vinateleza chini ya kidole kilekile, na ukitoka kupokea simu ukirudi hujui uliachia wapi.

Basi nikajenga ukuta. Ukurasa wa kwanza wa kozi sasa una mchoro mmoja: safari ya shilingi ya mwanachama kwa mwezi mzima. Inatoka mkononi mwake, inaandikiwa risiti, inaingia daftari la fedha, inapelekwa kwenye leja, daftari linalotenga kila akaunti, inapimwa kwenye urari, orodha ya kuhakiki kwamba pande mbili za hesabu zinalingana, inaishia kwenye taarifa inayosomwa mbele ya wanachama siku ya mkutano. Juu ya kila somo mchoro huohuo unarudi ukiwa mdogo, mahali pamoja pametiwa rangi ya chungwa, na pameandikwa "Uko hapa". Mchoro ni mwepesi, unafunguka hata mtandao ukiwa wa kusuasua. Alhamisi saa mbili usiku tunakutana kwenye grupu, kwa maandishi, na kila mmoja anasema amefika wapi na nini kimemkwamisha. Asiyetaka haya yote ana jaribio fupi mwanzoni mwa kila mada. Akilipita, anaruka.

Mzee wa Njombe alirudi. Alianza upya mada ya 1, na usiku wa Alhamisi alikuwa wa kwanza kuingia na wa mwisho kuaga. Aliandika mambo marefu, tena ya mifano mizuri ya chai na mbolea niliyoiiba kwa idhini yake nikaiweka kwenye mazoezi. Wengine waliopotea kama yeye sikuwapata tena. Kuna ambao hata ramani ingekuwepo tangu mwanzo wasingefika, kwa sababu ya ugonjwa, au simu iliyouzwa, na siwezi kudai mchoro unatibu hayo.

Kijana wa Mbagala naye alinipigia, miezi mitatu tangu amalize. Urari wake ulikuwa unapishana kwa 9,000 na alikuwa hajalala. Nikamuuliza kama 9,000 inagawanyika kwa 9. Akacheka, akasema inagawanyika. Nikamwambia atafute kiasi ambacho tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Alikipata jioni hiyo: 54,000 iliyoandikwa 45,000. Kanuni hiyo imo mada ya 5, aliyoiruka. Alikuwa na haki ya kuchoshwa na maelezo, na njia yake ilimfaa kwa karibu kila kitu, lakini hakuna mtu anayeweza kutamani somo ambalo hajui kama lipo. Tangu siku hiyo jaribio la kuruka mada ya 5 lina swali la tarakimu zilizobadilishana, na wengi hawalipiti.

Lililonishangaza zaidi lilikuja mwishoni. Katika mwezi wa nne wa kozi nilizipitia tena kumbukumbu za Moodle nikaona mzee wa Njombe hafungui mchoro. Anaandika neno kwenye sehemu ya kutafuta, anakwenda palepale anapotaka, anatoka. Ametembea kama kijana wa bodaboda. Slava Kalyuga, John Sweller na wenzao wa Australia waliandika mwaka 2003 kwamba msaada unaombeba mgeni wa somo unageuka mzigo kwake akishalijua. Nilikuwa nimesoma hilo kama jambo la maabara, sasa naliona kwenye nyayo za mtu ninayemfahamu. Sehemu kubwa ya kile nilichokiita mtindo wake ilikuwa ugeni. Nami vilevile: jicho langu bado linafuata ukuta, nina hakika ukinishikisha fremu leo nitakosea, ila leja nimeishi nayo zaidi ya miaka 20, ndiyo maana nilijenga kozi isiyo na ramani bila kuhisi pengo.

Fomu ile ya kuona na kusikia nimeitupa. Wanaojiunga sasa nawauliza mambo manne: unatumia simu ya nani, unaingia saa ngapi, umewahi kushika daftari la hesabu, na ukifika mji mgeni unaanza kwa kuuliza watu au kwa kutembea. Hilo la mwisho ni langu mwenyewe na silichukulii kama kipimo, ni njia ya kuanzisha mazungumzo. Juzi limekuja jibu la mama wa Kigoma. Simu ni ya mwanawe, anaipata saa tatu usiku mwana akirudi, kwa nusu saa. Daftari hajawahi kushika. Akifika mji mgeni anauliza, tena anauliza watu wawili, wakipishana anamtafuta wa tatu.

Jana nimeuchapa ule mchoro kwenye karatasi moja, nimeukunja, nimeupeleka stendi ukapande basi la Kigoma.